Usukani wa Kulia

Mwaka wangu wa tatu Minnesota nilikuwa nikiishi peke yangu Blaine, kwenye apatimenti ambayo majirani zangu niliwajua kwa magari yao tu. Kuna Jumamosi zilizopita bila mimi kufungua mdomo, isipokuwa kusema asante dukani. Kazi yangu ilikuwa Golden Valley, kumhudumia bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa ameshapita miaka themanini.

Kwenye gereji yake, chini ya turubai, kulikuwa na gari la marehemu mumewe. Lilikuwa sedani ya milango minne, rangi ya machungwa, yenye mistari myeusi ubavuni na injini ya silinda nane. Lilitengenezwa kwao miaka ya sabini, na mumewe alilileta kwa meli walipohamia huku. Kwa sura lilikuwa gari la baba wa familia. Kwa mbio, bibi aliniambia, polisi wa kwao walikuwa wanaliacha liende, kwa kuwa hawakuweza kulifukuza. Tangu mzee afariki, fundi alikuwa akija kuliwasha na kulizima, basi.

Asubuhi moja ya Mei, bibi aliweka kijiko chini akaniuliza, "Kwenu usukani uko upande gani?"

"Kulia."

"Na gia za mkono unazijua?"

"Nilijifunzia kwenye pikapu ya mjomba, Eldoret, tukipeleka maziwa."

"Basi niletee koti langu."

Nilipoketi upande ule wa kulia, mkono wa kushoto ukashika gia, nilikumbuka nyumbani, machozi yakanitoka. Bibi alijifanya anatafuta miwani mpaka nilipojipangusa macho.

Alitaka twende Lakeville, kwa mwanawe. Klachi ilikuwa nzito, goti likaanza kuniuma kabla hatujatoka mtaani. Kwenye barabara kuu watu walitupungia mikono. Nilijaribu kuzungumza naye, akatikisa kichwa.

"Mimi na mzee hatukuwa tunaongea humu," alisema kwa sauti ya juu. "Kelele zilitutosha."

Kwa mwanawe kulikuwa kumefungwa. Nilibonyeza kengele mara tatu, nikarudi garini.

"Ulimwambia tunakuja?"

"Nilitaka kumshtukiza."

Tulingoja karibu saa nzima, tukila ndizi mbili zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Hakutaka nipige simu. Mwishowe akasema, "Turudi. Na barabara ikiwa tupu, kanyaga mafuta kidogo."

Nilikanyaga. Gari liliruka, migongo ikabanwa vitini, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia dirisha lake, na hakunionyesha uso mpaka tulipofika.

Septemba alipatikana mnunuzi wa gari, kutoka jimbo jingine. Alikuja na trela, lakini gia za mkono wa kushoto zilimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyelipandisha. Nilipoingia ndani, bibi alikuwa jikoni, redio ameifungulia hadi mwisho.

"Limewaka vizuri?"

"Limewaka papo hapo, bibi."

"Vizuri," alisema, akaniomba chai.

Mwezi uliofuata mwanawe alimhamishia kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilipelekwa na kampuni iliyoniajiri kwa mzee mwingine, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwondolea usemi. Nilikaa naye majira yote ya baridi, nikimsomea gazeti kwa sauti, bila kujua kama alikuwa ananisikiliza.