Jino la Madoido

Nina kijicho, na sioni haya kusema. Kijicho changu kina jina: Madoido. Tulimwita hivyo chuoni kwa sababu hakuweza kuvaa ushanga mmoja mahali panapoenea shanga tatu. Tulisomea uchongaji pamoja, meza moja, beseni moja la udongo, na mwalimu wetu alikuwa akiziweka kazi zetu sambamba na kuwaambia wengine watazame yangu. Yangu, si yake. Leo sanamu yake imesimama mbele ya maktaba kuu, na mimi natengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki kisicho na dirisha.

Sidharau meno. Yamenilelea watoto wawili. Ila wiki yote inaliwa na plasta, nta na tanuri la kauri, na kilichobaki changu ni Jumamosi kuanzia saa saba mchana, mume wangu anapowapeleka watoto kwa mama yake. Hapo ndipo nafinyanga. Saa hizo ukinigongea mlango, sipo.

Alhamisi moja daktari aliingia na karatasi ya oda pamoja na umbo la kinywa cha mteja, la plasta. Jino la mbele limebaki kisiki. Kalivunja akifungua chupa. Nilijua ni nani kabla sijasoma jina. Chuoni alikuwa akifungua kila kitu kwa meno, hata makopo ya rangi.

"Ni yule mchongaji wa magazetini," daktari akasema. "Jumanne ana onyesho. Anataka jeupe kabisa, eti safari hii apigwe picha akicheka."

"Jeupe kabisa," nikasema. "Sawa."

Moyo uliniruka kwa furaha. Meno ya Madoido yana umanjano wa chai. Jino jeupe katikati yake lingeng'aa kama kigae cha bafuni, na ukumbi mzima ungezungumza na jino badala ya kutazama sanamu. Na nani angenilaumu? Imeandikwa kwenye oda. Ijumaa nikalitengeneza, nikalivika kwenye plasta, nikacheka peke yangu mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi, saa sita na nusu, nilikuwa nafunga zana nikalitupia jicho tena. Sikumhurumia mtu, nisije nikasingiziwa wema. Lilikuwa jino baya, basi, na lilikuwa limetoka mikononi mwangu. Nikavaa aproni upya, nikakaa kutengeneza jingine.

Hapo ndipo roho iliponiuma zaidi, maana niligundua kwamba jino lake la zamani nalijua. Mwaka wa mwisho chuoni tulifinyangana vichwa. Miezi mitatu nilimkalia uso kwa uso. Jino lile lilikuwa limegeukia ndani kidogo, na upande wa kushoto lilikuwa na mstari mwembamba, kama ufa wa kikombe. Magazetini hucheka amefunga mdomo. Hilo nalo nalijua, kwa sababu picha zake zote nimezikata na kuziweka, huku nikimwambia mume wangu ni karatasi za kutandika chini ya udongo.

Nikampigia mume wangu simu.

"Leo nitachelewa. Nina jino."

"Jumamosi hii? Na kile kichwa cha mama?" Alimaanisha sanamu ya mama mkwe wangu, ambayo tangu mwezi uliopita haijapata shingo.

"Mama atasubiri shingo."

"Jino lenyewe la nani?"

"La mteja tu."

Nilikaa nalo mpaka saa kumi na mbili jioni. Nililigeuza ndani kidogo, nikaweka umanjano karibu na ufizi, nikaupunguza kuelekea ncha, nikachora ule mstari kwa brashi ya nywele tatu, nikachoma mara tatu. Saa zangu za wiki nzima nilimpa yeye, mtu ambaye siku yake yote ni ya kufinyanga. Nilichukia kila dakika, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Jumatatu daktari akaniita nikague linavyokaa. Niliingia na barakoa usoni. Madoido alinitazama kama mtu anavyotazama kabati. Daktari akamvika jino, akampa kioo.

"Mbona si jeupe? Si nilisema..." Akapitisha ulimi, akasogeza kioo karibu. "Lilikuwa limegeuka hivihivi. Na huu mstari! Mimi mwenyewe nilishausahau. Mmejuaje?"

Daktari akanigeukia. Naye alitaka kujua.

Nilikuwa nimeshashika kamba ya barakoa. Ningeivua, angenikumbuka, angenikumbatia kwa zile kelele zake na kumwambia daktari kwamba huyu fundi wako ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Nilitamani sana kulisikia hilo. Lakini angeuliza tena nimejuaje, nami ningelazimika kumjibu kwamba yeye alinisahau siku ile ile tuliyomaliza chuo, na mimi kwa miaka kumi na sita sijaacha kumtazama mdomoni.

"Tunakisia tu," nikasema, nikarudi chumba cha nyuma.