Uji Alioutema Rose

Rose alimtemea afisa uji usoni, mbele ya mwenye kituo, siku ambayo kila kitu kilitakiwa kuonekana kizuri.

Uji ulimpata Hellen shavuni, ukateremka mpaka mdomoni. Na huo ulioingia mdomoni ndio ulioleta mambo yote.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Hellen ni afisa ustawi wa jamii hapa Mwanza. Tunakaa naye mtaa mmoja Mabatini. Haya alinisimulia mwenyewe, na kaniruhusu niyaandike mradi jina la kituo nilifunike.

Siku ile alikwenda kukagua kituo cha binafsi kule Mkuyuni, upande wa ziwani. Kinalea watu wazima wenye ulemavu. Kuna waliopooza, kuna wenye ulemavu wa akili, kuna wasioweza hata kugeuka kitandani bila kushikwa. Ukaguzi ukipita salama, kituo kinaendelea. Ukikwama, kinafungwa.

Asubuhi ile pamependeza kweli. Sakafu inang'aa, vyandarua vimefungwa vizuri, upepo wa ziwa unaingia madirishani. Mwenye kituo, Mzee Chenge, akampokea kwa bashasha na kumtembeza chumba kwa chumba.

Lakini kuna kitu kilimkaa vibaya Hellen.

Kimya.

Wakazi wote walikuwa barazani kwenye viti vyao, vichwa vimeinama. Hakuna aliyeitikia salamu. Hakuna aliyemshangaa mgeni. Hellen amekagua vituo vingi, anajua penye watu hapakosi kelele. Mmoja atacheka, mwingine atalalamika, mwingine atataka kukushika nywele. Hawa walikuwa kama watu waliokesha msibani.

Alipouliza, Chenge akasema hiyo ndiyo sifa ya kituo chake, watu wametulia.

Mhudumu aliyeonekana alikuwa mmoja tu, dada aitwaye Precious. Alikuwa anapita na ndoo ya uji, akiwanywesha mmoja mmoja. Hellen akamuuliza wenzake wako wapi. Precious akamtazama Chenge kwanza, ndipo akajibu kwamba wametoka kidogo.

Hellen akasema basi atamsaidia. Akachukua kikombe na kijiko, akakaa mbele ya mwanamke mmoja aliyekuwa pembeni.

Huyo ndiye Rose. Mwanamke wa makamo, kazaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono imejikunja, shingo haitulii, maneno hayatoki. Ila tofauti na wenzake, macho yake yalikuwa wazi kabisa, na yalimkazia Hellen.

Kijiko cha kwanza, akakaza meno. Kilichofuata, vilevile. Kisha akafungua mdomo, akapokea, akasubiri Hellen ainame kumfuta kidevu.

Puu! Usoni.

Chenge akaja juu. Akamfokea Rose, akamwambia Hellen asijali, huyo hana akili, ndivyo alivyo. Precious akakimbilia na kitambaa.

Hellen hakukipokea. Alikuwa amelamba mdomo bila kukusudia, na chini ya sukari alisikia uchungu. Ule wa kidonge kilichosagwa.

Akakitazama kikombe. Akawatazama wale walioinamisha vichwa.

Akamnyooshea Precious kile kikombe.

"Onja."

Precious hakusogea.

"Mdogo wangu, si ni uji tu? Onja."

Precious akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kitambaa, akaanza kulia.

Hapo Chenge akaacha kutabasamu. Akamwita mlinzi afunge geti. Halafu akasema, kwa ule upole wa kutisha, kwamba hakuna haja ya haraka, waingie ofisini wayaongee kiutu uzima.

Komeo la geti likalia. Hellen alikuwa peke yake. Lakini kikombe hakukiachia. Akatoa simu, akampigia mkuu wake palepale, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Akataja alipo na alichokionja, akaomba daktari na polisi.

Chenge akamsogelea mpaka Hellen akamsikia pumzi.

"Haya, kifunge kituo. Halafu utawapeleka wapi? Kwako?"

Hellen anasema swali lile lilimtisha kuliko geti, kwa sababu hakuwa na jibu.

Polisi walipofika, Precious akamwaga yote. Wenzake walikuwa wameachishwa kazi mmoja baada ya mwingine, akabaki yeye wa kuinua, kuosha na kulisha watu wote wale. Chenge alipopata habari ya ukaguzi akamletea dawa za usingizi, wageni wakute utulivu. Lakini Precious akakiri na zaidi ya hapo. Haikuwa mara ya kwanza. Siku ambazo mwili wake ulikataa, aliwalaza kwa dawa yeye mwenyewe ili naye apumzike.

Chenge akachukuliwa. Amri ikatoka kwamba kituo kifungwe na ndugu waje wachukue watu wao. Precious akabakizwa kwanza, chini ya ulinzi, awaoneshe wauguzi nani analishwaje na nani anageuzwaje.

Kesho yake ndugu wakaanza kufika.

Wa Rose alikuwa kaka yake, Masele, mfanyabiashara wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Alishuka garini analia. Akampigia dada yake magoti, akamkumbatia, akawaambia waliokuwepo kwamba damu ni damu, Rose anarudi nyumbani na hataguswa tena na mtu baki. Wauguzi wakafuta macho. Hellen naye akafuta.

Huo ndio mwisho tunaoupenda, au siyo?

Rose akaanza kutetemeka. Miguu ikakakamaa, pumzi zikaanza kumkatika. Masele akasema ni furaha hiyo.

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi alikokuwa amekaa Precious na askari wake.

"Siyo furaha. Mwulizeni mwenyewe. Akitazama juu ni ndiyo. Akifumba macho ni hapana."

Watu wote wakamgeukia.

Hapo Hellen akaelewa. Kumbe huyu dada alijua. Kila alipomnywesha dawa, alijua Rose anaelewa kinachofanyika.

Akachuchumaa mbele ya kile kiti.

"Rose, unataka kwenda kwa kaka?"

Macho yakafumba. Yakabana kwa nguvu.

Masele akaingilia kwamba huyo hajui anachojibu. Hellen akamwomba anyamaze, akaendelea taratibu. Alikuwa anapigwa kule nyumbani? Hapana. Ananyimwa chakula? Hapana. Alikuwa anafungiwa? Macho yakaenda juu. Ndani, gizani, wageni wasimwone?

Juu. Yakabaki hukohuko juu.

Masele hakubisha. Akainama, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na mabinti wa kuozesha, na wachumba wangeogopa ukoo. Hakumtakia dada yake mabaya, alisema. Ni aibu tu.

Hellen akamuuliza Rose kama anataka kubaki palepale kituoni. Juu.

Swali lililofuata alisita nalo. Akamtazama Precious, kisha akauliza hivyohivyo.

"Unamwogopa Precious?"

Juu.

"Unataka asikanyage tena hapa?"

Rose akakawia. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Halafu akafumba macho.

Hapana.

Kwenye benchi, Precious akainamia magoti yake. Askari akageukia ziwani.

Mwingine angesema hilo ni jibu la mtu asiye na akili. Hellen alilielewa. Precious ndiye peke yake aliyewahi kumuuliza Rose jambo akasubiri jibu. Na ndiye huyohuyo aliyemlaza kama mzigo. Vyote viwili ni kweli, na Rose alivibeba vyote bila mtu wa kumweleza.

Hellen akarudi ofisini kupambana, na safari hii swali la Chenge alikuwa na la kulijibu. Kituo hakikufungwa. Kikaondolewa mikononi mwa Chenge, kikapewa msimamizi mpya na wahudumu wa kutosha. Waliotaka kwenda kwao wakaenda. Waliokataa wakabaki.

Chenge na Precious walifikishwa mahakamani. Chenge akafungwa. Precious akapewa kifungo cha nje, na kazi ya kulea hana ruhusa nayo tena. Ila Jumapili anakuja, maana Rose aliulizwa akatazama juu. Hamlishi, hamgusi. Muuguzi yupo jirani. Wanakaa tu, wakati mwingine Precious anaongea, wakati mwingine analia.

Masele alikuja siku moja na binti yake mkubwa. Binti aliingia. Yeye aliishia getini.

Sasa nawaambia ninyi mnaosoma. Kama una ndugu analelewa mahali, iwe kituoni au chumba cha uani kwako mwenyewe, usiridhike na unachooneshwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Basi muulize anayekilalia.

Na ukishamuuliza, usimjibie.