Jeneza Lililogeukia kwa Koko

Dunia ilikuwa inatufikia Jumamosi mchana, watoto wakishamaliza kufua nguo za shule. Iliingia kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, chini ya mabati ya hangari ya zamani ya mpunga, hapa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Jumamosi moja ni Japani, namna wanavyoinamiana wakisalimiana. Nyingine ni Uhindi na bwana harusi wake juu ya farasi. Tunaangalia, tunacheka, halafu nauliza kwa Kiingereza: na kwetu tunafanyaje? Wanajibu kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, na kila sentensi inayofika mwisho tunaipigia makofi.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza sekondari, basi. Kiingereza nilikiokota Kampala nilipokuwa ninamsaidia shangazi yangu kuuza vitenge. Lakini nilirudi na ndoto moja: watoto wa Lubunga wakae siku moja na mtu yeyote wa dunia, wamuulize kwao wanakula nini, wanalilia nini, nao wamwambie ya kwetu bila aibu. Nikiwaza hayo nilikuwa ninaimba njiani peke yangu, na watu wa mtaa walishazoea.

Jumamosi ya Ghana ndiyo iliyowafurahisha kuliko zote. Niliwaonyesha namna wanaume wa kule, wamevaa suti nyeusi na miwani, wanavyobeba jeneza begani huku wanacheza. Wanachuchumaa nalo, wanayumba, wanageuka, na wafiwa wanacheka na machozi usoni. Mvulana mmoja mrefu, mchekeshaji wa darasa, aliruka juu ya benchi.

"Mwalimu, mimi nikikufa, munibebe hivi hivi! Musinipeleke kama gunia ya muhogo!"

"Wewe na urefu yako, jeneza itatoka miguu!" akamjibu msichana aliyekaa nyuma yake, na hangari nzima ikalipuka.

Nikauliza swali langu la siku zote: na kwetu tunafanyaje? Walitaja nyimbo, walitaja kulala nje kwenye matanga, walitaja wajane kunyolewa. Jambo moja hakuna aliyelitaja, na mimi pia sikulikumbuka. Kwetu watu wanasema kwamba maiti aliyelogwa anawavuta wabebaji wake mpaka kwenye mlango wa aliyemuua. Kila mtoto wa Lubunga anajua hilo. Ila ni neno la jikoni na la njiani. Halijawahi kuingia darasani.

Mvua zilipokolea, yule mrefu alishikwa na homa. Aliishi na bibi yake, mama wa marehemu baba yake, mwanamke mdogo wa mwili anayeuza pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sote tulimwita Koko, kama tunavyoita bibi yeyote huku. Koko alimpeleka kituo cha afya, akamrudisha, akampeleka tena. Nilipofika kumwona, mvulana alinisalimu kwa Kiingereza, akauliza Jumamosi ijayo ni nchi gani. Nikamwambia achague mwenyewe. Alikufa kabla hajachagua.

Matanga yalikuwa barabarani, mbele ya nyumba. Vijana wa mtaa walikuja na ngoma, na huku kwetu, kijana akifa, vijana ndio wanachukua maiti, wazee hawana neno tena. Wanafunzi wangu waliomba wambebe wao. Walikuwa wamevaa mashati meusi ya kuazima, mmoja na miwani ya jua ya kaka yake. Nilielewa mara moja. Walitaka kumbeba wakicheza, kama alivyoomba siku ya Ghana.

Waliinua jeneza, wakazunguka nalo mtaa mzima ili aage njia zake, ndipo wapite tena mbele ya nyumba kuelekea makaburini. Walicheza vizuri. Hata wamama walianza kutabasamu katikati ya kilio. Lakini walipofika kwa Koko, jeneza likayumba kushoto, likarudi, likayumba tena kushoto kwa nguvu, na pembe yake ikagonga mwimo wa mlango.

Ngoma zikanyamaza.

"Amejionyesha!" Ni kijana mmoja mwendesha toleka, hizi baiskeli zinazobeba watu. "Mumeona? Amemuonyesha! Ndoki iko ndani!"

Ndoki ni mchawi. Neno lile lilipita kwenye umati kama moto kwenye majani makavu. Koko alikuwa amekaa chini, nyuma ya mlango, kitambaa mkononi. Jiwe la kwanza lilipiga bati.

Nikakimbia, nikasimama mlangoni. Nikapaza sauti: si maiti anayevuta, ni mchezo, ni namna ya Ghana, mwenyewe aliomba!

"Bon, mwalimu wa Kingereza," yule wa toleka akanicheka. "Maiti inasema Lingala. Wewe utamutafsiria nini?"

Wakacheka. Nikawageukia wanafunzi wangu, maana wao ndio waliokuwa chini ya jeneza. Nikawaambia: semeni ni nyinyi mlicheza! Yule wa miwani, miwani ilikuwa imemteremka puani.

"Mwalimu, hapa si sisi," akasema. "Ametuvuta. Nimesikia mimi mwenyewe. Ametuvuta."

 Watoto niliowatembeza dunia nzima walinitazama kama watu walio ng'ambo ya mto, nami sina pirogi, mtumbwi wa kuwavukia.

Sikuwa na kitu cha kufundisha tena. Nilimwambia msichana, yule wa utani wa miguu, aingie amtoe Koko kwa mlango wa nyuma. Halafu nikamsogeza yule wa miwani, nikaweka bega langu chini ya jeneza na kuanza kuvuta kuelekea makaburini. Kwetu hakuna anayeacha maiti aende peke yake. Watake wasitake, ilibidi wafuate.

Na niseme kweli: nililisikia likivuta. Tulikuwa watu sita, kila mtu na urefu wake na hofu yake, na mbao zilininyonga bega kuelekea kushoto mpaka nami nywele zikanisimama. Nikatazama chini. Mbele ya mlango wa Koko kuna shimo la maji, pana kama kitanda, na sote tulikuwa tunalikwepa upande wa nyumba. Wa mbele wanaruka kushoto, wa nyuma wanasukumwa. Nikapiga kelele, "Shimo! Ni shimo!" Nani angesikia? Ngoma zilikuwa zimeanza tena.

Tulimzika. Tuliporudi, mabati ya Koko yalikuwa yameng'olewa, na sufuria zake zimetupwa barabarani.

Asubuhi tulimsindikiza Koko mtoni, mimi na yule msichana. Alikuwa anakwenda Yangambi kwa mdogo wake. Hakuwa amelia tangu jana. Tukisubiri mashua ijae, akanishika mkono.

"Mwanangu, uniambie mimi peke yangu. Mbona aligeuka kwangu? Nilimukosea nini?"

Hapo moyo ulinikatika. Mawe sikuyajali tena. Nilitoa simu, nikamwonyesha wale wa Ghana. Aliangalia mpaka mwisho, akaomba tena.

"Ndio alitaka hivyo?"

"Ndiyo, Koko. Aliniomba mbele ya wote."

"Lakini kugonga mlango yangu?"

"Ni lile shimo, Koko. La mbele ya mlango. Wote waliliruka upande wa kwako. Nilikuwa chini ya jeneza, nimeliona kwa macho yangu."

Alinirudishia simu. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, na kilio ndani yake.

"Shimo ile! Tangu mvua ianze namwambia, wewe kijana, utupe mchanga pale, watu watavunjika. Na yeye: Koko, kesho. Kila siku, Koko, kesho!"

Yule msichana alimkumbatia. Mwenye mashua akaita. Koko alipanda na kikapu chake, akakaa akitazama Lubunga, bado anatikisa kichwa, midomo inasema maneno yale ya mjukuu wake mpaka sikuweza kumwona tena.

Jumamosi hangari ilikuwa tupu. Wazazi walisema nafundisha mambo ya maiti. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likaegemea mto, bila nchi ya kuonyesha mtu. Nikirudi nyumbani nilipita kwa Koko. Ilikuwa imenyesha, shimo limejaa. Watu walikuwa wanalizunguka kwa kushoto, wakigusa ukuta wake kwa mkono wasianguke. Nami nikapita hivyo hivyo.