Kizibao cha Kuwindia Nguruwe Milima ya Kalinzi

Safari hii niliifanya kwa sababu ya mguu wa mtu. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nilipanda milimani kutafuta kitoweo.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia Kigoma, wengine kwa ziwa, wengine kwa miguu, mimi nilikuwa bwana shamba wa huku. Kwetu ni Makete, kwenye baridi kali, serikali ndiyo iliyonihamishia Kigoma. Nilikuwa na bunduki ya marisau yenye leseni, na sitaficha, wakulima walinijua kwa bunduki hiyo kuliko kwa ushauri wangu wa mbolea. Mwaka mmoja kabla ya safari ninayoisimulia, Mzee Gwasa, mkulima wa muhogo huko juu kupita Kalinzi, aliniita nimsaidie kuua nguruwe pori waliokuwa wakimmalizia shamba. Asubuhi za Juni huko juu zina baridi ya kung'ata masikio. Nikavaa koti langu zito la sufu, lile nililotoka nalo Makete, nikajiona nimejiandaa kuliko wote. Dume la nguruwe lilipochomoka kichakani nikanyanyua bunduki, kitako kikanasa kwapani kwenye mkunjo wa koti. Nilipokuja kukikalisha begani, nguruwe alikwisha kumfikia mzee na kumpasua paja. Mzee Gwasa alipona, lakini tangu siku hiyo anachechemea.

Watu niliwaambia nguruwe alitokea ghafla mno. Ofisini nilisema hivyo hivyo, na nikapewa pole nyingi. Habari ya koti sikuitaja kwa mtu. Niliona aibu, basi. Mtu mzima, mwindaji, unaanzaje kusema ulishindwa na koti lako mwenyewe?

Juni iliyofuata mfanyabiashara mmoja wa maharage akaniletea salamu kutoka juu: nguruwe wamerudi, na Mzee Gwasa anauliza kama nitaweza kwenda. Ananiuliza mimi! Nilikuwa nakunywa chai, ikanishinda. Nikachukua kibali kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, nikaomba ruhusa ya siku nne, na koti la sufu nikamgawia mlinzi wa ofisi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Ujiji, kwenye mitumba. Nilijua ninachokitaka: jaketi lisilo na mikono, lenye joto kifuani na mgongoni, mikono ibaki huru. Wauzaji wanaliita kizibao. Nilipata vitatu vya kulinganisha. Cha kwanza kilikuwa kimejazwa sponji nene kama ya godoro. Nilipokunja mkono na kujifanya nimeshika bunduki, bega likawa linateleza. Cha pili kilikuwa cha sufu, kizuri, lakini kifupi, kiuno chote kiko nje, na mtu anayechuchumaa kwenye umande anajua figo zinavyopata taabu. Cha tatu kilikuwa cha nailoni ya kijani, kimejazwa manyoya ya ndege, chepesi hata nikakitilia shaka, na kinafika chini ya mkanda. Kiling'aa. Nikajiona ndani yake nikiteremka kwenye gari mbele ya watu wa Kalinzi. Nikakinunua.

Zipu yake ilikuwa imekufa, nikampelekea fundi cherehani aliyekuwa na baraza yake jirani na soko. Fundi Ramadhani alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, alivuka ziwa na cherehani yake ikiwa imefungwa kwenye godoro, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Akaniuliza kizibao ni cha kazi gani. Nikasema kuwinda wanyama waharibifu. Jina la mnyama sikulitaja, kwa kumheshimu, naye akatabasamu tu, alikwisha kujua. Alitoa zipu, akaweka vifungo vya mfupa ili chuma kisigonge bunduki, akanikalisha na kuninyanyua mikono mara tatu kama askari wa gwaride. Kisha akashika ukingo wa kizibao, akausugua kwa vidole karibu na sikio langu.

"Kinasema sana hiki," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kitanyamaza kikizoea mwili. Mimi ni mbishi, hata mke wangu atakuthibitishia. Fundi hakubishana na mteja, akakikunja akanipa.

Mchana nikapita Katonga kununua dagaa wa kupeleka juu, maana mtu haendi milimani mikono mitupu akitokea ziwani. Mitumbwi ilikuwa imerudi na wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juani. Joto lilikuwa la kawaida ya pale, shati limenigandia mgongoni, na mimi nimekumbatia jaketi la manyoya. Mama mmoja aliyenipimia dagaa aliniuliza kama naumwa.

Ijumaa asubuhi, Mwandiga. Lori la wafanyabiashara wa maharage lilinipa nafasi mbele kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye kizuizi cha barabara askari walitushusha wote. Miaka ile mtu mwenye bunduki anayeelekea upande wa mpakani hakupita kwa salamu tu. Walisoma leseni, wakasoma kibali, wakahesabu risasi, wakanipekua mfuko. Askari mmoja alikitoa kizibao, akakivaa, akajipigapiga kifuani na kuwageukia wenzake. Nilianza kuwa na wasiwasi. Akakivua taratibu, akasema kwa zamu za alfajiri kingemfaa yeye zaidi kuliko mimi. Nikacheka kidogo, kwa adabu, na sikucheka tena mpaka lori lilipoondoka.

Kutoka Mwandiga barabara inapanda. Unaacha michikichi, unaanza kuona migomba na kahawa, na ukigeuka nyuma ziwa limelala chini huko, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Kalinzi tulifika alasiri, kibaridi kimeanza. Nikavaa kizibao juu ya kila kitu, nikateremka. Watu walitazama, sitasema uongo, na nilifurahi.

Kijiji cha Mzee Gwasa ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Alikuja kunipokea njia panda mwenyewe, na fimbo. Nilipouona ule mguu ukivutwa, furaha yote ikaniisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za ofisi, za mke wangu, za mvua ya Makete. Habari ya mguu hakuigusa, na mimi sikuthubutu.

Nyumbani kulikuwa na watu wengi kuliko mwaka uliopita. Mama Yustina, mke wa mzee, alikuwa amempokea mdogo wake aliyeolewa Burundi, aliyevuka na watoto wanne. Habari za mumewe hazijulikani. Wote walikuwa wanakula kwenye lile shamba moja la muhogo. Mzee alinionyesha kabla jua halijazama: matuta yamefukuliwa, mashina yamelala, nusu ya shamba imekwisha. Mama Yustina aliniambia bila kuzunguka kwamba nguruwe wakiendelea wiki mbili, watoto wa mdogo wake watalala njaa kabla ya mvua. Sikuwa na ushauri wa mbolea wa kumpa.

Jumamosi alfajiri tulipanda mteremko wa pili. Vijana sita na mbwa walizunguka bonde kuwasukuma nguruwe juu, mimi na mzee tukasimama kwenye upenyo wa kichaka, yeye hatua tano kushoto kwangu na mkuki wake, palepale pa mwaka jana. Nilikuwa nimepanda mlima na kizibao mwilini, kwa hiyo nilifika nimelowa jasho, na tuliposimama jasho likageuka barafu mgongoni. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili lilikuja nguruwe walipokaribia. Niliwasikia wakikoroma, wanakuja vizuri kabisa. Nikainua bunduki. Mikono ilikuwa huru, kitako kikakaa begani bila shida, lakini nailoni ilichakacha kama mtu anayekunja gazeti kanisani. Kule chini mkoromo ukakatika. Kundi zima liligeuka, likapita katikati ya mbwa na kupotelea kwenye matete. Sikufyatua hata risasi moja.

Mzee Gwasa aliweka mkuki begani, akaanza kushuka. Vijana walisema kwa ajili yake, kwa Kiha, na sikuhitaji mkalimani.

Mchana ule nilikaa jikoni kwa Mama Yustina nikiota moto, kizibao nimekitupa kwenye kigoda. Nilikuwa nimekasirika, na hasira zenyewe zilikuwa za kujikasirikia. Nikamwambia nitashuka Kigoma kutafuta kingine. Mama Yustina akakichukua, akakisugua, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Bwana Shamba, kitu laini unakiweka nje ili kionwe na nani? Nguruwe?"

Akaniita nisimame, akanivalisha kama mtoto wa kwenda shule. Fulana ya pamba kwanza, kwa ajili ya jasho. Juu yake kizibao. Halafu akaleta shati kuukuu la mumewe, la drili ya kaki, pana, lililofuliwa miaka mingi mpaka likalainika kama kitambaa cha kubebea mtoto. Nikalivaa juu ya kizibao, nikanyanyua mikono. Kimya. Nikachuchumaa, nikageuka kushoto na kulia. Kimya. Akasema na mlimani nipande nacho mfukoni, nikivae nikishafika na pumzi zimetulia, maana hata yeye akibeba kuni hajifungi shuka mbili. Mtu wa Makete nikafundishwa baridi na mwanamke wa Kigoma, na alikuwa na haki.

Jumapili alfajiri tulirudi palepale. Misa, mzee alisema, wataiwahi wanawake. Nilipanda na fulana na shati tu. Tulipofika nilisubiri mpaka moyo ukatulia, nikavaa kizibao, nikarudisha shati juu yake, nikafunga vifungo. Nilimwomba mzee asimame nyuma yangu. Alitikisa kichwa, akaenda hatua tano kushoto, akausimika mguu wake mbovu kwenye jiwe.

Mbwa walibweka chini. Matete yakaanza kutikisika. Wa kwanza kutoka alikuwa jike, akakata kulia, nikamwachia. Nyuma yake likaja dume, kubwa, mgongo umesimama nywele, linakuja moja kwa moja kwenye upenyo wetu. Nilinyanyua bunduki. Niliogopa sana, na nakumbuka nilikuwa nasikia pumzi za mzee kushoto kwangu na hakuna sauti nyingine yoyote mwilini mwangu. Kitako kikakaa. Nikafyatua. Dume lilianguka hatua kama nane mbele yetu, likapiga miguu, likatulia. Vijana wakapata la pili kwa mikuki kule chini, na kundi lililobaki likavuka bonde na kutokomea.

Siku ile nzima ilikuwa ya nyama, na mdogo wake Mama Yustina nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Vijana sasa walinisifu, kwa Kiswahili, ili nielewe.

Jumatatu asubuhi nilimrudishia Mama Yustina shati. Mzee Gwasa akanisindikiza mpaka njia panda. Tulikwenda mwendo wake, taratibu, fimbo ikigonga mawe, na kila ilipogonga ilinichoma. Karibu na njia panda nikasimama.

Nikamwambia kwamba mwaka jana nilidanganya. Nguruwe hakutokea ghafla, nilimwona vizuri na nilikuwa na muda. Koti ndilo lililonikaba, nami nilijua tangu nyumbani kwamba lilikuwa linabana kwapani, nikalivaa kwa sababu lilikuwa zuri. Nikamwomba msamaha.

Mzee aliegemea fimbo yake.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa namtazama nguruwe."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniita tena, na Kasulu na Kigoma wenye bunduki wako wengi.

"Nilitaka nione kama utakuja," akasema.

Lori la maharage lilinikuta njia panda nikiwa peke yangu, mzee amekwisha kurudi. Mwandiga askari walikagua bunduki na kuhesabu risasi zilizobaki, jioni nikawa Kigoma, kwenye joto.

Niliyojifunza kuhusu kizibao ni haya, kwa atakayepanda kuwinda Juni. Kipime mikono ikiwa juu, kama unalenga. Kifunike kiuno. Kivae baada ya kupanda. Kama kinachakacha, kiweke ndani ya nguo laini, hata kama kimekugharimu na unatamani kionekane.

Jumanne asubuhi wenzangu ofisini waliniuliza habari za safari, wakasogeza viti kusikia nguruwe wameuawa wangapi. Niliwaambia wasubiri. Nikaanza na mwaka jana, na mguu wa Mzee Gwasa.