Fahali Niliyemwombea Kifo

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa kijiji huku Kishapu, na kwa bahati mbaya nilijiona bingwa wa Kiingereza. Daktari mzungu wa mifugo alipofika joshoni, nilijitwika ukalimani bila kuombwa na mtu.

Fahali wa Mzee Masanja alikuwa akirusha mateke, hakamatiki. Mzee akaniambia, "Mwambie daktari amtulize kwanza, ndipo tumchanje."

Nikamfuata daktari kwenye Landrova yake. Nilijua kutuliza ni "calm down", lakini hilo kila mtoto wa shule analijua. Mimi nilitaka la kisomi. Nikasema, "Put him down, sir."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mwenye mali ameagiza mwenyewe. Akachukua bunduki. Njiani nikawaeleza wanakijiji kwamba dawa za kisasa hupigwa kwa mbali.

Daktari akamwendea mwenye ng'ombe, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Shikamoo, mzee. Kwa nini unataka nimuue fahali mzima hivi?"

Mzee hata marahaba hakuitikia. Alinigeukia mimi, akauliza taratibu, "Karani, umemwambia nini?"