Siku Moja ya Mwezini

Juzi, rafiki yangu, nilipita mtaa wa Mapendo, na harufu ya sambaza, visamaki vya ziwani, zikikaangwa kando ya njia ikanisimamisha. Nyumba yetu ilikuwa pale, miaka ile nchi ikiitwa Zaïre, na pale ndipo Koko, mama ya mama yangu, alipokaa nasi siku moja ambayo mpaka leo naisimulia.

Alikuwa ametelemka kutoka milima ya Masisi, na kibuyu cha maziwa mkononi, kuja kumuona ndugu yangu mchanga. Yeye na papa, baba yangu, hawakuwa wakisemezana. Koko hakuwa amemsamehe kwa kumleta binti yake mjini, mbali na ng'ombe. Neno lolote la kumwambia papa alilipitisha kwangu, hata papa akiwa ameketi mbele yake.

Asubuhi ya pili akafunga mzigo. Mama, ambaye hakuwa amepata nguvu tangu kuzaa, aligeukia ukuta. Ndipo papa, mtu asiyejua kuomba, akamwambia Koko polepole, "Mama, ubakie hata siku moja."

Koko akanitazama mimi. "Umwambie, siku moja. Haitapita hapo."

Sasa, juma lile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba huko mwezini jua likichomoza linakawia karibu majuma mawili bila kuzama, na likizama, usiku nao ni vilevile. Siku moja ya kule inakaribia mwezi mzima wa kwetu. Nikamweleza Koko hayo, nikamuuliza kama ni lazima siku yake iwe ya hapa duniani.

Alidhani namdanganya. Akajifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono mpaka shuleni, akamuuliza mwalimu mbele ya darasa zima. Mwalimu akachukua chungwa, akaligeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akamweleza kwa heshima zote. Koko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua watu wa huko wangekamua ng'ombe saa ngapi. Darasa likacheka, mwalimu naye. Yeye hakucheka. Njiani ndipo aliponiambia, "Basi, mutoto, nitabakia ile ya mwezi. Lakini usimwambie papa yako kama nimefurahi."

Akabaki. Alimkanda mama kwa maji ya moto, akatwanga sombe, majani ya mihogo, akanifundisha kupepeta maharage bila kuyamwaga. Jioni tuliketi nje, volkano ya Nyiragongo ikiwa nyekundu juu yetu, na mwezi uliokuwa mwembamba upande wa Sake ukanenepa, kisha ukakonda. Siku moja, papa akiwa anakula peke yake pembeni kama kawaida, Koko akasema bila kunipitia mimi, "Papa ya batoto, leta kiti yako hapa. Chakula kinapoa." Mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaogopa hata kukohoa.

Mwezi mwembamba ulipoonekana tena, papa mwenyewe alimsindikiza Koko kwa lori mpaka Masisi. Aliporudi alitusimulia jinsi majirani wa kule walivyomuuliza Koko kwa nini alikawia hivyo, naye akawajibu bila kupepesa macho, "Nilikaa siku moja."

Miaka mingi baadaye lava ilishuka, ikafunika nyumba ile na kiwanja chake, na watu wamekwisha kujenga juu yake. Koko hayupo, papa hayupo. Wageni wangu wa siku hizi hupiga simu kwanza, hunywa chai wakitazama saa, nami nawasindikiza mpaka barabarani kikombe kikiwa bado cha moto. Siwalaumu, hawakumjua Koko.