Uso wa Azza

Watu wa Mtaa wa Narung'ombe walimjua Sitara kabla hajashika kompyuta. Alianzia kazi katika studio ya mjomba wake, enzi zile watu wakija siku ya Idi na nguo mpya, wanasimama mbele ya pazia lililochorwa maua na ndege inayopaa. Kazi yake ilikuwa kuosha picha kwenye chumba cha giza na kuzianika kwa vibanio kama nguo. Simu zenye kamera zilipoingia, studio ikakata roho. Mjomba akauza vifaa akarudi kwao Mafia, naye Sitara akaenda Mchikichini kuuza blauzi za mitumba. Kwa muda mrefu hakutaka hata kusikia neno picha.

Aliyemrudisha ni mama mmoja jirani, aliyemletea picha ya harusi iliyotafunwa na mende. "Wewe si ulikuwa fundi wa haya mambo?" Sitara akaona haya kusema hawezi. Akaanza kuangalia video za mafunzo ya fotoshopu kwenye simu, hukohuko kwenye meza ya mitumba, wateja wakipekua blauzi wenyewe. Leo ana chumba chake ghorofa ya pili, kati ya fundi cherehani na muuza vifungashio, na watu wanapanda ngazi kutoka kila pembe ya jiji wakiwa na marehemu wao kwenye bahasha.

Ghada, mwalimu wa chekechea anayekaa Upanga na baba yake, alipanda ngazi hizo wakati wa mvua za vuli. Ukuta wa sebuleni kwao ulikuwa umevuja, maji yakaingia kwenye fremu.

"Dada Sitara, huyu ni mama yangu," alisema, akiiweka picha mezani kwa mikono miwili. "Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sura yake siikumbuki, na hii ndiyo picha pekee tuliyo nayo."

Sitara akainamia. Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe: mwanamke kijana, shela imeteleza nyuma kidogo, midomo iko karibu kucheka. Lakini upande wake wa kushoto ulikuwa umejaa madoa meusi, kuanzia begani, yakapanda shingoni, hadi kwenye taya.

"Haya yote ni ya mvua hii?"

"Mengine ya zamani. Tangu nipate akili picha hii ina madoa. Safari hii ndiyo yamezidi."

"Kwa hiyo nifute yote."

"Yote, dada. Nataka baba amwone akiwa safi." Ghada akasita. "Baba kumbukumbu zinamtoka. Juzi ameniita kwa jina la shangazi. Na tangu niitoe hii ukutani, kila asubuhi ananiuliza Azza yuko wapi."

Sitara aliifanyia kazi picha ile kama ya ndugu yake. Aliiskani, akaiacha nakala ya mwanzo ilivyo, kisha juu yake akapachika leya moja baada ya nyingine, kama mtu anayetandaza nailoni juu ya picha na kupaka rangi kwenye nailoni bila kuigusa ya chini. Alichota ngozi safi ya shavu la kulia, akaipeleka la kushoto. Akalinganisha vivuli. Akaunganisha ukingo wa shela uliokatika. Alipomaliza, Azza alikuwa kama aliyepigwa picha jana. Ghada alipotumiwa kwenye simu alijibu kwa kulia, kilio cha furaha, na akasema atakuja na mzee mwenyewe kuichukua.

Wakaja kwa bajaji, mchana, baada ya swala. Mzee Yasser alikuwa mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na ngazi zote alizipanda bila kukubali kushikwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sitara akamkabidhi picha iliyochapishwa. Mzee akaisogeza mbele, akaisogeza karibu, akatabasamu.

"Mashaallah. Mzuri. Binti wa nani huyu?"

Ghada alicheka kidogo, akidhani ni utani. "Baba, ni mama huyo. Azza."

"Azza?" Mzee akatazama tena kwa makini, kisha akamrudishia Sitara picha kwa adabu, kama mtu aliyeletewa mzigo wa nyumba ya jirani. "Hapana, mwanangu. Huyu simjui."

Ghada alitoka hadi kwenye korido, na kupitia mlango uliokuwa wazi Sitara akamwona ameegemea ukuta, mtandio umeziba mdomo. Majina ya watu mzee alikuwa ameanza kuyachanganya, siku nazo zikampotea. Azza peke yake ndiye aliyekuwa hajaguswa na ugonjwa ule. Sasa naye ameondoka, Ghada aliwaza, na mimi ndiye niliyemleta baba huku kuja kumpoteza.

Sitara, asijue la kufanya, akamvutia mzee kiti. Akauliza ili tu ukimya usimzidi.

"Mzee, kwani Azza alikuwaje?"

Uso wa mzee ukachangamka palepale.

"Azza alikuwa na maneno, huyo! Siku ya kwanza nakwenda kwao kununua halua, baba yake katoka, ananiuzia yeye. Mimi macho yangu yamenata hapa." Akajigusa chini ya sikio la kushoto, akateremsha kidole hadi kwenye taya. "Akaniambia, 'Wewe kaka, umekuja kununua halua au umekuja kununua baka langu?'"

"Baka gani, mzee?"

"Baka lake la kuzaliwa. Hapa. Mfano wa kokwa ya tende."

Sitara akageukia kompyuta, akaifungua kazi ile, akaanza kuzizima leya moja moja. Madoa ya ukungu yakarudi: begani, shingoni, shavuni. Akamgeuzia mzee kioo.

"Baba yangu, hebu nionyeshe. Yapi uchafu, na lipi lake?"

Mzee Yasser akasogeza kiti. "Hili la begani, uchafu. Hili nalo. Hayo ya shingoni ondoa." Kidole kikapanda taratibu, kikasimama. "Hili usiliguse. Hili lake."

Sitara akalivuta karibu. Kweli bwana. Madoa ya ukungu yalikuwa na kingo zilizochanika kama pamba. Hili lilikuwa na ukingo laini, na kivuli cha taya kilipita juu yake bila kukatika, kama kinavyopita juu ya ngozi. Alikuwa amelifuta kwa haraka ya kusafisha. Akachukua brashi ndogo kabisa, akaondoa rangi yake mwenyewe pale palipofunika baka, na ukungu uliokuwa umelipanda kwa juu akautoa kidogo kidogo, mzee akimwambia, "Bado... bado... basi, hapo hapo."

Kisha mzee akaweka mkono kifuani.

"Azza," alisema. "Mlikuwa mmempeleka wapi?"

Sitara aliita kwa sauti ambayo hata fundi cherehani wa jirani aliisikia. Ghada akaingia, macho mekundu.

"Ghada, njoo umwone mama yako," mzee alisema, bila kukosea jina. "Dada wa watu alikuwa amemfunika."

"Kosa langu, nisameheni," Sitara akasema.

"Mimi ndiye niliyekwambia ufute yote." Ghada alikuwa ameshaliona baka, na hakuweza kuondoa macho. "Miaka yote hii nilidhani ni ukungu." Akampigia baba yake magoti, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kwa hiyo hukumsahau?"

"Nimsahau Azza? Nyinyi ndio mlioniletea mgeni."

Ugonjwa haukuwa umeondoka, na Ghada alilijua hilo. Wakishuka ngazi mzee aliuliza kama wanaelekea bandarini, kazini alikostaafu miaka mingi nyuma. Lakini Ghada alimjibu kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Picha mpya, iliyochapishwa tena ikiwa na baka lake, mzee alikataa ifungwe kwenye karatasi. Aliishika mwenyewe.

Sitara alijitupa kitini, akapumua, akaagiza chai ya maziwa. Kabla haijafika akafungua kazi nyingine iliyosubiri kuchapishwa, akaitazama, akachukua simu.

"Habari za mchana, Bwana Aristides. Huu mstari kwenye paji la uso la babu yako, ni kovu au ni karatasi ilikunjwa?"

Upande wa pili mtu akacheka. "Ilikunjwa, fundi. Babu alikuwa hana hata chunusi."